Wiki nzima ya kambi ya dansi za asili za Kiingereza na Kimarekani, asiyejua hatua hata moja aende?

MgeniWaSeti

Wadau habari za humu. Mimi niko Massachusetts, kuna dada tunafanya naye kazi ananishawishi tangu majira ya baridi kwamba kiangazi hiki twende wote Pinewoods, ile kambi ya msituni karibu na Plymouth, wiki nzima watu wanacheza dansi za asili za Uingereza na Marekani kuanzia asubuhi mpaka usiku. Amenionyesha video, watu wamejipanga mistari miwili mirefu wanatazamana, kuna mtu ana maiki anawatajia hatua, wanazungushana, wanapishana, wanabadilishana nafasi, halafu baada ya muda mfupi tu yule uliyemuona juu kabisa ya mstari unamkuta yuko katikati huko anazunguka na watu wengine kabisa. Nimeipenda jamani, yaani nikiwa jikoni ule muziki unanirudia kichwani, ila naogopa.

Kucheza kwa kujiachia nacheza vizuri tu, lakini hizi za hatua za kupangwa sijawahi kabisa. Mume wangu hataki hata kusikia kwa hiyo nitakuwa sina patna. Umri umesogea, magoti yanalalamika nikipanda ngazi. Halafu sielewi tofauti ya hizo dansi zenyewe, yeye anasema "kontra" mara "kantri dansi ya Kiingereza" mara "morisi", mimi naona ni kitu kimoja. Kuna mtu humu ameshakaa wiki nzima kwenye kambi za namna hii? Je nitakuwa mzigo kwa wenzangu kwenye mstari? Naomba mnieleze kwa kirefu maana uandikishaji hautanisubiri.

ViatuLaini

Dada karibu sana, na jibu langu fupi ni nenda. Sasa refu.

Kontra ni hivi. Mnajipanga mistari miwili, patna wako yuko mbele yako, mnagawanywa wanne wanne kutoka juu kwenye bendi kushuka chini. Kwenye kila kundi la wanne kuna wawili wa kwanza na wawili wa pili. Mnacheza mzunguko mmoja wa hatua na wale wawili, ambao wanaitwa majirani, mzunguko ukiisha wa kwanza wanasogea chini nafasi moja, wa pili wanasogea juu, na hapo hapo mna majirani wapya, mnarudia hatua zile zile. Ndiyo maana kwenye video uliona mtu kahama. Hakuna aliyekosea, ndivyo dansi yenyewe inavyotembea. Ukifika mwisho wa mstari mnapumzika mzunguko mmoja, mnabadilishana upande, mnaingia tena mkielekea kule mlikotoka.

Kwa hiyo hilo la kuwa mzigo liondoe kabisa. Hatua ni zile zile zinarudiwa dakika nane, kumi, na kabla muziki haujaanza mwita hatua anawapitisha taratibu bila muziki, mnatembea tu mnaona nani anakwenda wapi. Ukija kwenye mzunguko wa nne mwili umeshashika. Na kila mzunguko unakutana na watu wawili wapya, sasa kama mmoja wao ni mzoefu atakunyooshea mkono mahali unapotakiwa kwenda kabla hujaanza kujiuliza. Ninachokuomba ni kimoja, ukipotea usisimame kujieleza na usirudi nyuma kumalizia hatua iliyokupita, wewe tafuta patna wako na uende mahali hatua inayofuata inapoanzia. Mstari unakusubiri pale.

Kuhusu patna, kambini karibu kila dansi unacheza na mtu mwingine, hata wanandoa walioenda pamoja wanaachana wakifika mlangoni. Yeyote anamuomba yeyote, mwanamke na mwanamke, mzee na kijana, mwita hatua mwenyewe na mgeni wa jana. Kutokuwa na patna wa kudumu ndiyo kunakufundisha haraka kwa sababu kila mwili unakuambia kitu tofauti.

Sasa nikueleze swingi kwa karibu, ile hatua ya wawili kuzunguka mkiwa mmeshikana, maana hiyo ndiyo itakutisha siku ya kwanza. Mmeshikana karibu, upande wa nje wa mguu wako wa kulia uko jirani na wa mwenzako, mguu wa kulia unabaki pale katikati unakanyaga kidogo kidogo, wa kushoto ndio unasukuma, kama mtu anavyosukuma skuta. Mgongo umenyooka, mikono haijalegea, na kila mmoja anaegemea nyuma kidogo ili mwenzake amshike. Hapo kwenye kushikana uzito ndipo raha yote ilipo, ukilegea mwenzako anakubeba, ukikaza sana unamvunja bega, lakini mkipata kipimo chenu mnazunguka bila nguvu yoyote. Kizunguzungu kikija mtazame mwenzako usoni usitazame ukuta, macho yake ndiyo kitu pekee ambacho hakizunguki. Na magoti yako yakikataa kusukuma unaweza kuzunguka kwa kutembea hatua za kawaida, unamwambia tu patna wako mwanzoni "natembea", hakuna atakayeuliza.

Vitu vya kubeba: viatu vya soli laini ambavyo havijatembea nje (mchanga unaharibu sakafu ya mbao), jozi mbili ili unapobadilisha mguu usichubuke mahali pale pale, fulana nyingi maana asubuhi peke yake unaweza kulowesha mbili, plasta za malengelenge, chupa ya maji, tochi ya kurudi kwenye kibanda usiku. Na kila jioni kagua mwili wako kupe, usipuuze hili, Massachusetts kuna ugonjwa wa Lyme na ile ni kambi ya msituni kati ya mabwawa mawili.

FidlaNaKinanda

ViatuLaini kamaliza miguu, mimi naomba niseme masikio kwa sababu mimi napiga fidla kwenye dansi hizi na naona wageni wengi wanahangaika na kumsikiliza mwita hatua peke yake wakati bendi nayo inawaambia kila kitu.

Dansi nyingi za kontra zimekaa kwenye muziki wa vipande viwili, cha kwanza kinapigwa mara mbili, cha pili mara mbili, jumla mapigo 64 ya mguu, ni kama sekunde thelathini na kitu hivi, halafu mzunguko unaanza upya. Hatua zinakaa ndani ya muziki huo, mara nyingi nane nane au kumi na sita. Sasa wewe ukiwa unapika huko na ule muziki unakurudia, hesabu mpaka nane uone sentensi ya muziki inaishia wapi. Ukishazoea kusikia mwisho wa sentensi, hata mwita hatua akinyamaza (na atanyamaza, baada ya mizunguko kadhaa anawaachia) mguu wako wenyewe unajua sasa ni zamu ya kwenda mbele. Na kambini muziki ni wa watu walio hai, fidla, piano, kodiani, filimbi, mara banjo, hawapigi rekodi. Bendi inakuona. Mstari ukichangamka tunapandisha, mkichoka tunawashikilia. Na kwenye wiki nyingi za namna hii kuna madarasa ya muziki mchana kwa hiyo magoti yakigoma unaweza kukaa na wapigaji.

Tofauti uliyouliza. Kantri dansi ya Kiingereza ndiyo mama, kitabu cha John Playford cha London cha 1651 kina dansi 105 na kiliendelea kuchapishwa upya mpaka karibu 1728. Zile dansi zilivuka bahari na wakoloni, watu wa New England, kaskazini mashariki ya Marekani, wakazishika, zikachanganyika, zikawa hizi kontra. Ya Kiingereza leo ina mitindo mingi zaidi ya mpangilio, mistari mirefu, duara, mraba, kikundi cha jozi tatu, na muziki wake unaweza kuwa wa taratibu na wa huzuni kiasi kwamba watu wanamaliza dansi wanakaa kimya. Swingi kidogo, kutembea kwingi, na kutazamana. Kontra ni ya nguvu, unatoka jasho, na hatua zake zinafanana fanana kwa hiyo ukijua kumi umejua nyingi.

Ila kuna jambo huwa napenda lisemwe na halisemwi vya kutosha. Upande wa Kimarekani haukutoka Uingereza peke yake. Banjo ni ala ya watu weusi, Waafrika waliofanywa watumwa kwenye visiwa vya Karibi na Marekani ndio waliiunda kwa kumbukumbu ya ala za kwao, na karne ya 18 na 19 wapiga fidla weusi ndio walikuwa wanachezesha dansi za matajiri huko kusini. Mtafiti Phil Jamison, ambaye mwenyewe ni mwita hatua, amechimba sana hili na anaeleza kwamba hata huu utaratibu wa kuita hatua huku watu wanacheza ulianzia kwa wapiga fidla weusi. Kwa hiyo dada ukiingia pale na ukaona sura nyingi si za rangi yako, ujue uko nyumbani kuliko unavyodhani, ile sauti inayokuambia "zungukeni" ina babu zake.

MzeeWaNjuga

Mimi nitapingana kidogo na waliotangulia, kwa nia njema. Binti yangu, usiende moja kwa moja. Massachusetts yote hiyo ina dansi za kontra za jioni, mahali pengi kabla ya kuanza kuna somo la nusu saa kwa wageni, nenda huko jioni chache kwanza. Kambi si mahali pa kugundua kwamba kizunguzungu chako hakiponi. Wiki nzima ni kazi, kuna madarasa asubuhi mfululizo, chakula, mchana tena, halafu dansi kubwa ya usiku, na baada ya hapo vijana wanaendelea na nyimbo mpaka saa wanazozijua wenyewe. Siku ya tatu ndiyo mbaya, miguu inavimba na mtu anakuwa na hasira bila sababu. Hapo lala mchana. Ruka darasa moja ukaoge bwawani. Wanaotaka kucheza kila kipindi kuanzia siku ya kwanza ndio unaowakuta siku ya tano wamekaa pembeni na barafu kwenye kifundo.

Sasa kuhusu morisi kwa kuwa hakuna aliyeigusa na mimi ndiyo ugonjwa wangu. Hii siyo ya kila mtu kucheza na kila mtu, ni ya kikundi, kwa desturi za vijiji vya Cotswold huko Uingereza ni watu sita, njuga miguuni chini ya magoti, mikononi leso nyeupe au fimbo, na ni ya kuonyesha watu. Kila kijiji na namna yake, Bampton hawarushi mikono kama Headington, na mzoefu anakujua umefundishwa ya wapi kwa jinsi unavyoinua leso tu.

Historia yake ndiyo imezaa kambi hizi. Siku baada ya Krismasi 1899 huko Headington, nje ya Oxford, Cecil Sharp mwalimu wa muziki alikuwa kwa mama mkwe wake, akaona wanaume wanacheza barabarani kwenye baridi. Haikuwa msimu wao, lakini walikuwa waashi, barafu imesimamisha ujenzi, hawana kazi, wakatoka kutafuta hela ya kula. Aliyekuwa anawapigia konsatina ni kijana mwashi anaitwa William Kimber. Sharp akamwita kesho yake akaandika muziki wake. Lakini waliotangulia kuzirudisha hizo dansi kwa watu wa kawaida walikuwa mabinti washonaji wa London, klabu ya Mary Neal, wao walianza 1905 na Kimber alikwenda kuwafundisha. Sharp na Mary Neal baadaye waligombana vibaya juu ya nani ana haki ya kusema hatua sahihi ni ipi, na mimi siku zote niko upande wa Mary Neal, maana yeye alitaka zichezwe kwa furaha na yeye Sharp alitaka zichezwe kwa usahihi. 1911 Sharp akaanzisha chama chake, 1915 akiwa Marekani likaanzishwa tawi ambalo leo ndilo CDSS, chama kinachoendesha baadhi ya wiki pale Pinewoods. Yule mama tajiri wa Boston aliyekuwa na kambi ile, Helen Storrow, alikuwa mpenzi mkubwa wa dansi hizi, na tangu 1933 wiki za dansi zinafanyika pale.

Usikose dansi ya mapanga wakiitoa. Ile inaitwa rapa, ya watu wa migodi ya makaa kaskazini mashariki ya Uingereza, watu watano wameshikana kwa vyuma vyembamba vinavyopinda vyenye mpini kila upande, hawaachani hata mara moja, wanapita chini wanaruka juu miguu inapiga mbao, na mwishoni vyuma vyote vitano vinajisuka vinakuwa nyota, mmoja anainua juu. Simama karibu uangalie mikono yao.

MgeniWaSeti

Asanteni sana, mzee wangu shikamoo, ushauri wa kuanza na dansi za jioni nimeuchukua, Jumamosi naenda na huyo dada. FidlaNaKinanda hilo la banjo na wapiga fidla limenigusa kuliko unavyojua, nimemsomea mume wangu naye akaacha simu akasikiliza.

Bado nina mawili. Moja, hili la kutazamana machoni na kushikwa kiunoni na wanaume nisiowajua, nisiwe muongo, silielewi vizuri na sijalelewa hivyo. Pili, je ni lazima mwanamke acheze upande wa mwanamke? Kwenye video niliona wanawake wawili na sikuweza kujua nani ni nani. Na hela, mbona bei ya wiki ni kubwa hivyo?

UpandeWaKulia

Shoga yangu nikujibu mimi maana nilikuwa na wasiwasi huo huo.

Kuanzia mwisho. Pande mbili zipo, wa kushoto na wa kulia, na tofauti kubwa ni mahali unapoishia baada ya swingi. Zamani waliita wanaume na wanawake, siku hizi kontra nyingi wanaita Larki na Robini, majina ya ndege tu, na kwenye kantri dansi ya Kiingereza wapo waita hatua ambao hawataji jinsia kabisa, wanasema aliye kona hii aende kona ile. Kwa hiyo unachagua. Mimi nakushauri kaa upande mmoja siku mbili za kwanza mpaka mwili utulie, halafu jaribu wa pili, utashangaa unavyowaelewa wenzako.

Macho sasa. Kwenye dansi hizi kutazamana hakuna maana ya mapenzi, ni namna ya kumwambia mtu nimekuona niko na wewe kwenye mzunguko huu, sekunde kadhaa, halafu anakwenda kwa mwingine na wewe kwa mwingine. Kuna hatua mnazungukana bega la kulia kwa bega la kulia bila kugusana kabisa, macho tu, na hiyo kwa wengi wetu ndiyo ngumu kuliko swingi. Tazama sikio lake, au nyusi, hakuna atakayejua. Na kama hutaki kushikwa karibu kwenye swingi nyoosha mikono mshikane mikono miwili mkiwa mbali, mtu mwenye adabu anaelewa hapo hapo. Ukiombwa dansi na hujisikii, sema hapana asante, huna haja ya kueleza sababu. Mtu akikushika vibaya au akikuzungusha kwa nguvu ukaumia, mwambie pale pale, asiposikia nenda kwa waendeshaji wa wiki, ndiyo kazi yao. Sisemi hili kukutisha, nasema ili uende ukijua una haki hiyo, kwa sababu wanawake wengi wageni wanavumilia mkono unaowaumiza wakidhani ndivyo dansi ilivyo. Sivyo.

Hela: ile bei ni pamoja na malazi, chakula chote, waalimu na bendi, usilinganishe na dansi ya jioni moja. CDSS wana ufadhili kwa ajili ya wiki zao, unaomba mapema ukijaza fomu, na usiogope kwamba utaonekana maskini, wanataka watu wapya waingie. Omba kabla hujakata tamaa.

Kitu kimoja ambacho sijaona kimesemwa. Chukua jozi ya nguo nzuri kidogo, sketi inayopanuka au chochote unachokipenda, kwa sababu usiku mwingine watu wanajipamba. Si lazima. Lakini sketi ikizunguka na wewe kwenye valsi ya mwisho ya usiku, unapata raha ya peke yake, mimi nilinunua moja kwa ajili hiyo tu na siijutii.

ViatuLaini

Naongezea moja kabla hujajiandikisha, soma jina la wiki vizuri. Pinewoods haina ratiba moja kiangazi chote, kuna vyama mbalimbali vinakodi, kuna wiki ya Kiingereza tupu, ya Kimarekani, ya zote mbili, ya familia na watoto, na za Kiskoti ambazo ni mambo mengine kabisa, hatua zake za miguu zinahitaji kujifunza kabla. Baadhi ya wiki wanaandika wazi kwamba wanataka wenye uzoefu. Kwa magoti yako na kwa unavyosema muziki unakurudia kichwani mimi ningechagua ile yenye zote mbili, asubuhi unacheza ya Kiingereza taratibu, usiku ukipata nguvu unaingia kontra. Na kwenye fomu andika ukweli kwamba wewe ni mgeni, usijipandishe, ili wajue mapema nani wa kumsaidia siku za mwanzo.

MgeniWaSeti

Ya zote mbili basi. Fomu ya ufadhili nimeifungua hapa, inauliza kwa nini nataka kuja, nitawaandikia lile la wapiga fidla.